Kabla ya kununua mtambo, tuulize ayoni ngapi zinamwagwa getini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu ya juzi kuhusu sumukuvu kwenye mahindi na karanga ilieleza vizuri habari za maghala, unyevu na uanikaji, nami nimeikata na kuibandika ubaoni kazini kwetu. Ila mwandishi alipofika kwenye mitambo ya maabara aliandika kwamba spektromita za kisasa, zile zinazopima wepesi wa ayoni (molekuli zilizopewa chaji ya umeme) kupenya gesi pamoja na masi yake, zinagundua sumu kidogo zaidi kwa sababu zimewekewa jicho kali. Kosa hilo lina gharama, maana anayeliamini atakwenda sokoni kununua jicho. Kipokezi cha mtambo wa aina hii, hilo jicho lenyewe, kinaweza kuhesabu ayoni moja moja tangu zamani. Ayoni ikigonga inang'oa elektroni chache, hizo zinang'oa nyingine, mpaka zinafika kama milioni moja na saketi inazisoma. Jicho kali kuliko hilo utalitoa wapi? Shida ni kwamba ayoni nyingi hazifiki huko. Zinamwagwa njiani, na sehemu kubwa zinamwagwa getini, yaani kwenye mlango wa kuingia bomba la kupimia.

Nimezaliwa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Baba yangu alikuwa mpimaji kwenye soko la mahindi, nami utotoni nilimshikia daftari huku wapagazi wakipandisha magunia kwenye mizani. Ugomvi wa lumbesa nimeusikia kabla sijajua kuandika jina langu. Leo nafanya kazi katika maabara ya chakula hapa Dodoma na mahindi ni yale yale, ila ninachopima hakionekani. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, isizidi mikrogramu 5 kwa kilo, na aflatoksini zote kwa jumla zisizidi 10. Piga hesabu: gunia la kilo 100 linaruhusiwa nusu miligramu tu ya B1, sawa na punje chache za chumvi zilizotawanyika gunia zima. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Nilikuwa kazini mwaka huo, na tangu hapo sijawahi kuiona sampuli ya unga kama namba tu kwenye chupa.

Kwa B1 peke yake, mitambo ya kawaida inatosha, na ghalani hata vipimo vya haraka vinasaidia. Ugumu uko kwenye sumu nyingine za kuvu. Mahindi yakishambuliwa na kuvu wa Fusarium hupata zearalenoni, nayo hubadilika kuwa zearalenoli ya alfa na ya beta. Hizi mbili zina atomi zile zile na masi ile ile. Zimepishana jambo moja, upande ambao kikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni kimeelekea. Ya alfa inaiga homoni ya kike kwa nguvu kuliko zearalenoni yenyewe, ya beta ni dhaifu. Kwa masi peke yake huzitofautishi, kama mizani ya baba isivyojua kilo ya maharage na kilo ya kunde.

Hapo ndipo wepesi wa ayoni unapohitajika. Ayoni zinaingizwa kwenye bomba lenye gesi, mara nyingi naitrojeni, na umeme unazivuta mbele. Iliyojikunja inapenya, iliyotanuka inagonganagongana na gesi na kuchelewa. Fikiria watu wawili wa uzito mmoja wanaokatiza mnadani, mmoja mikono mitupu, mwenzake kabeba mkeka begani. Watafika upande wa pili kwa nyakati tofauti, na kwa tofauti hiyo umewajua. Mbele yao kuna spektromita ya masi inayowapima uzito. Ukiwa na majibu yote mawili, muda na masi, hata mchuzi mchafu wa unga wa mahindi, wenye mamia ya vitu visivyokuhusu, unaanza kueleweka.

Lakini huwezi kupima muda wa safari kama wasafiri hawakuanza pamoja, kwa hiyo pale mwanzoni mwa bomba linawekwa geti. La mtambo niliojifunzia lilikuwa la mtindo ambao wanafizikia Bradbury na Nielsen waliuchapisha mwaka 1936: nyaya nyembamba kama unywele zilizotandazwa sambamba. Waya mmoja ukipewa volti tofauti na jirani yake, ayoni zinavutwa pembeni, zinagonga waya na habari yake imekwisha. Volti zikilingana, zinapita katikati.

Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilikamua sampuli ya unga wa mahindi, nikaipitisha kwanza bila kupima wepesi. Kwenye masi 313, ambayo ni ya B1 iliyoongezewa protoni, kilele cha ishara kwenye grafu kikasimama wazi. Nikawasha bomba, kilele kikatoweka. Nikajua nimeharibu sampuli. Nikaandaa nyingine. Nikasafisha sindano ya kunyunyizia, nikabadilisha chupa ya kiyeyusho, nikakaza kila kiungo nilichoweza kukifikia, na saa nne usiku ikanikuta bado niko pale. Asubuhi msimamizi wangu alipita, hata sampuli hakuigusa. Aliuliza geti liko wazi kwa muda gani. Nikasoma kwenye kompyuta, maikrosekunde 200. Na mzunguko mzima? Milisekunde 40. Akanipa kalamu nigawanye.

Moja kwa mia mbili, Ndugu Mhariri. Katika kila ayoni 200 zilizofika pale, 199 zilifia kwenye nyaya wakati geti limefungwa, zikisubiri ile moja imalize safari. Akilini nilimwona baba akipokea magunia 200 toka kwa mkulima, anapima moja, 199 anayamwaga barabarani, halafu anashangaa kwa nini daftari halijai.

Jibu la haraka linalomjia kila mtu ni kuliacha geti wazi kwa muda mrefu zaidi. Nililijaribu siku hiyo hiyo. Nilipofika maikrosekunde 1,000, ishara ilipanda karibu mara tano, lakini vilele vilivyokuwa vimeachana vikaungana kuwa kimoja kinene, kwa sababu wa kwanza kuingia na wa mwisho kuingia walikuwa wamepishana mno hata kabla ya safari. Unapata wingi, unapoteza utambuzi. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka 30 hivi iliyopita katika fani hii imekuwa kutafuta namna ya kupata vyote viwili.

Hasara nyingine inatokea kabla hata ya geti. Ayoni zinatengenezwa kwenye hewa ya kawaida kwa kunyunyizia kimiminika chenye chaji, njia iliyompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2002, kisha inabidi zipite kwenye tundu dogo kuingia sehemu yenye ombwe, iliyonyonywa hewa. Zikitoka upande wa pili, gesi inazitawanya kama moshi. Zamani nyingi zilipotelea hapo. Mwaka 1997 kikundi cha Richard D. Smith, katika Pacific Northwest National Laboratory huko Richland, jimbo la Washington, kilichapisha habari ya faneli ya ayoni. Ni pete za chuma zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, matundu yakipungua kidogo kidogo, umbo lile lile la faneli ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Tofauti ni kwamba ayoni hazigusi ukuta. Kila pete inapewa volti inayobadilika kwa kasi ya mawimbi ya redio, kinyume na jirani yake, na msukosuko huo unazirudisha ayoni katikati huku umeme mwingine ukizisukuma mbele. Wenzao wakaongeza mtego mwishoni mwa faneli: geti likifungwa, ayoni hazifi, zinawekwa akiba, na geti likifunguka zinatoka kwa mkupuo. Sisi wa Dodoma tunaolijua simtanki siku ya maji ya mgawo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na kama simtanki, mtego nao hufurika. Ayoni za chaji moja zinasukumana, ukizijaza mno zinatoka nje au zinaharibu umbo la mkupuo.

Njia iliyonigusa zaidi ni ya hesabu tupu. Tuseme una magunia matatu, A, B na C, na mizani yako inayumba, kila usomaji una kosa la kilo moja mbele au nyuma. Ukipima moja moja, kila gunia limepanda mizani mara moja. Sasa pima A na B pamoja, kisha A na C, kisha B na C. Bado umesoma mizani mara tatu. Jumlisha vipimo viwili vya kwanza, toa cha tatu, umebaki na A mara mbili. Gawanya kwa mbili. Kazi ile ile, ila kila gunia limepanda mara mbili, na kosa la jibu limepungua kwa kama asilimia 13. Kwa magunia matatu faida ni ndogo, mpimaji wa Kibaigwa hatahangaika nayo. Lakini mfuatano wa vipimo vilivyochanganywa hivyo ukiwa wa hatua 511, ishara inaweza kujitokeza juu ya kelele, yaani kuyumba kule kwa mizani, mara 11 zaidi.

Majedwali yanayotoa mifuatano hiyo yamepewa jina la Jacques Hadamard, mwanahisabati Mfaransa aliyeandika juu yake mwaka 1893, bila fikra yoyote ya ayoni. Kwenye mtambo, geti linafunguka na kufungwa kwa mfuatano unaoonekana kama wa kubahatisha lakini umepangwa, likiwa wazi nusu nzima ya muda. Ayoni za mikupuo mbalimbali zinafika zimechanganyika, na kompyuta inazifumbua kwa kutoa na kujumlisha, kama tulivyofanya kwa A, B na C. Vikundi vya Washington State University na kile cha Richland vilichapisha kazi za namna hii mwaka 2006 na 2007. Toka nusu ya asilimia moja hadi asilimia 50, bila kubadilisha kipokezi, bila kurefusha bomba!

Sitaki kuipamba. Faida ile ya mara 11 inapatikana pale kelele zinapotoka kwenye vifaa vya umeme na hazibadiliki kwa wingi wa ayoni. Kelele zikitoka kwa ayoni zenyewe, kama kwenye mchuzi mzito wa unga, faida inashuka, na kilele kidogo kilicho jirani na kikubwa kinaweza kumezwa. Tena geti lisipofunguka kwa wakati wake barabara, zinazaliwa vilele vya uongo. Niliwahi kufuatilia kimoja kwa wiki mbili nikidhani ni sumu ngeni. Kilitokana na waya uliolegea.

Kuna waliolitupa geti kabisa. Katika mtindo wa kunasa, gesi inasukuma ayoni mbele na umeme unazizuia, kama mtumbwi unaopigwa kafi kuukabili mkondo ukabaki palepale. Kila umbo linasimama mahali pake. Umeme ukilegezwa taratibu, zinatoka kwa zamu, na zile kubwa zilizotanuka ndizo zinazotangulia, kinyume na lile bomba langu. Mtambo ukiwa na sehemu mbili, moja inakusanya wakati nyingine inaachia, karibu ayoni zote zinatumika. Mwaka 2015 kikundi cha Matthias Mann, katika taasisi ya Max Planck ya biokemia huko Martinsried karibu na Munich, kikishirikiana na watengenezaji wa mtambo, kilionyesha namna ya kuoanisha kuachia huko na upimaji wa masi. Mavuno ya milisekunde 100 yanatoka kwa mafungu membamba ya milisekunde chache, kwa hiyo kila fungu linasimama juu ya kelele. Huko Richland nako wakatengeneza njia ya ayoni kwenye bodi mbili za saketi zinazotazamana, inayopinda kona bila kumwaga. Mzunguko mmoja ni mita 13.5, na mwaka 2017 waliripoti kuzungusha mara 40, mita 540, ndani ya kitu cha kukaa mezani.

Bodi za saketi, nasema. Zile zile zilizomo ndani ya redio. Pete za chuma, nyaya, saa ya kufungua na kufunga, na hesabu ya kujumlisha na kutoa. Usikivu mkubwa wa mitambo hii umetoka huko. Ndiyo maana inaniuma tunapoambiana kwamba siri iko kwenye jicho la gharama ambalo sisi hatuwezi kuligusa.

Na inaniuma kwa sababu nyingine. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo muuzaji, simtaji yeye wala kampuni yake, alituletea kijitabu chenye tarakimu nzuri sana ya kiwango kidogo kabisa ambacho mtambo wake unaweza kugundua. Nikamuuliza tarakimu hiyo ilipimwa wepesi wa ayoni ukiwa umewashwa au umezimwa. Akapekua kijitabu. Ilikuwa umezimwa, tena kwenye kiyeyusho safi ambacho hakijawahi kuona unga. Nikauliza, katika ayoni mia zinazoingia, ukiuwasha, ngapi zinafika mwisho? Hakuwa na jibu siku hiyo, na hatukuletewa jibu baadaye. Mezani walikuwepo watu wazima wenye madaraka ya kutia saini, na hakuna mwingine aliyeuliza. Siwalaumu. Nani aliwaeleza kwamba swali hilo lipo?

Ninyi waandishi mnaweza kuwaeleza. Taasisi yoyote ikitangaza mtambo kama huu, waulizeni hayo mawili, na muombe tarakimu iliyopimwa kwenye unga wa mahindi halisi, wepesi ukiwa umewashwa. Waulizeni pia sampuli zilichukuliwaje, kwa maana sumukuvu haienei sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi pande zote na punje chache za upande mmoja zimebeba sumu yote. Ukichota kiganja kimoja cha juu, hata ayoni zako zote zikifika, unapima kiganja.

Kwa vyuo vyetu vya ufundi na idara za fizikia nina ombi tofauti. Bomba la wepesi wa ayoni likifanya kazi kwenye hewa ya kawaida halihitaji pampu ya ombwe, na pampu ndiyo inayotufukarisha. Mwaka 2018 watu wa Washington State University walichapisha michoro na programu za vifaa vyake bure kwa yeyote kujengea. Bila spektromita ya masi mwisho wake, bomba hilo halitakuambia kwa uhakika hii ni sumu gani, na wala halitapitisha mahindi ya mtu bandarini. Litamfundisha mwanafunzi geti ni nini. Atafunga nyaya mwenyewe, ataandika mfuatano wa Hadamard mwenyewe, ataona vilele vya uongo kwa macho yake. Volti zake ni maelfu, kwa hiyo asiachwe peke yake nalo.

Mimi na mafundi wawili tumeanza jioni baada ya kazi. Pete tumekata kwenye bati la chuma cha pua, vizuizi ni vya plastiki ngumu, nyaya za geti tumezivuta juu ya fremu tuliyoitoboa kwa mkono, nafasi kati ya waya na waya ikiwa milimita moja. Fremu ya kwanza ilipinda tulipokaza, nyaya za katikati zikagusana, tukaifumua yote. Ya pili imekaza vizuri, ukiugusa waya kwa kucha unalia kama uzi wa gita. Daftari lenye hesabu ya moja kwa mia mbili ninalo bado. Mwandishi wenu akipita Dodoma, aje alione pamoja na hilo geti, siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wako,
Mkemia wa chakula,
Dodoma